Yoga ufukweni: maswali mnayoniuliza kila siku, kuanzia Dar na Zanzibar mpaka Mombasa na Lamu

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wananitumia kila wiki, wengine ni wanafunzi wangu, wengine hatujawahi hata kuonana. Nimejibu kirefu pale penye ugumu wenyewe, na ugumu wa yoga ya ufukweni sio mapozi jamani, ni maji, mchanga na jua. Ukivielewa hivyo vitatu mengine yote yanafuata.

Hivi hii yoga ya bichi si mambo ya watalii tu?

Naelewa kwanini watu wanafikiri hivyo, ukipita Paje na Jambiani kule Unguja au Diani kule Kenya unaowaona kwenye mikeka wengi ni wageni waliolipia hotelini. Lakini pwani ni yetu. Tumezaliwa nayo, tunaogelea bure, tunacheza mpira kwenye mchanga tangu utotoni, kwahiyo mtu wa Kigamboni au Likoni kutandika kanga yake asubuhi na kujinyoosha dakika 40 sio kuiga mtu. Na ukweli ni kwamba sisi tuna faida ambayo mgeni wa siku tano hana, tunaijua pwani yetu. Pepo za kusi na kaskazi tunazijua, bamvua (maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida) tunaijua, na kama wewe huijui basi mjomba au jirani yako anaijua, muulize. Kuhusu kupanga darasa, mimi nimejifunza mengi kutoka kwa wavuvi kuliko kutoka kitabu chochote cha yoga.

Muda gani mzuri, asubuhi au jioni?

Asubuhi kwa mbali. Jua letu linachomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na dakika 40 hivi kutegemea mwezi, na ukianza hapo hapo unamaliza kabla mchanga haujapata moto. Tuko karibu sana na ikweta, Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini, Dar haifiki 7, kwahiyo jua la hapa halipandi taratibu kama la Ulaya, saa 2 tu lishaanza kuuma na kuanzia saa 4 mpaka saa 9 mchana usiwapeleke watu nje kabisa. Ngozi nyeusi inasaidia ila haizuii kuishiwa maji mwilini wala kichwa kuuma.

Halafu kuna upepo. Alfajiri upepo ni wa bara, mdogo, bahari imetulia. Kadri nchi inavyopata joto upepo wa bahari unaingia, na mchana ni mchanga machoni tu. Miezi ya kusi yenyewe, hasa Juni mpaka Agosti, upande wa mashariki wa Unguja hata asubuhi unapuliza, hapo tafuta ukuta au nyuma ya miti ya mivinje.

Jioni ni nzuri pia kama uko Unguja upande wa magharibi, Kendwa au Nungwi ambapo jua linazama baharini, ila jioni mchanga unakuwa umelala na joto la mchana kutwa, watu ni wengi, na karibu na mikoko usubi watakula miguu mpaka ukate tamaa. Kama una ulemavu wa ngozi, yaani albino, chagua saa ile ya kwanza ya asubuhi tu, na bado vaa mikono mirefu na kofia na upake losheni ya jua.

Nimefika ufukweni nimekuta hamna ufukwe, maji yamejaa mpaka ukutani. Nafanyaje?

Hili ndio swali muhimu kuliko yote na ndio linaloharibu madarasa mengi. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kupwa ni masaa sita na kidogo, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Kwahiyo darasa la "kila Jumamosi saa 12 na nusu" wiki hii litakuwa na uwanja mpana, wiki ijayo hali ni tofauti kabisa.

Njia rahisi ya kukumbuka ni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika kama mita nne kwa Zanzibar. Siku hizo kwa huku kwetu maji yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Sasa ona raha yake: ukifika saa 12 na nusu asubuhi siku ya bamvua maji yanatoka, yameacha nyuma mchanga uliooshwa, mgumu, hauna nyayo wala takataka. Hakuna uwanja mzuri kama huo popote. Lakini siku tatu nne mbele, kujaa kutakuwa kumesogea mpaka saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, na hapo ndio unakuta wimbi linapiga ukuta. Wiki moja baada ya bamvua ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, hapo unaweza kupata sehemu ya kutosha hata kama yanapanda.

Kwahiyo usipange ratiba ya mwezi mzima kwa saa moja tu. Angalia jedwali la maji la bandari ya karibu, yapo bure mtandaoni, au hesabu siku za mwezi kama wanavyofanya wavuvi. Na kama maji yanapanda wakati mnafanya, tandika juu kuliko unavyofikiri inatosha, kwasababu mwisho wa darasa watu wote wamelala wamefumba macho na viatu viko pembeni ya maji.

Nitandike wapi hasa, mchanga mkavu au mbichi?

Mbichi ule uliokauka kidogo, ambao ukikanyaga unaacha alama ya mguu ila hauzami. Mchanga mkavu laini wa juu unaonekana mzuri ila unachosha mno, kutembea tu juu yake kunakula nguvu karibu mara mbili ya ardhi ngumu, na ukisimama kwa mguu mmoja kifundo kinahangaika muda wote. Kuna wanaoutaka huo ugumu na kweli unaimarisha miguu, ila kama uliwahi kuteguka anza kwenye mgumu.

Vifundo vya mikono ndio vinaumia zaidi na watu hawajui sababu. Ukiweka viganja kwenye mchanga laini, kitako cha kiganja kinazama kuliko vidole, kwahiyo kifundo kinakunjika kupita kawaida. Dawa yake ni ndogo, kusanya mchanga kidogo uwe kama tuta chini ya kitako cha kiganja, vidole viwe chini kidogo, ukandamize kwanza ndio uweke uzito. Ikishindikana tumia ngumi au viwiko.

Na ufukwe una mteremko, hata kama huuoni. Ukisimama ubavu kwa bahari mguu mmoja uko chini kuliko mwingine, ukifanya nusu saa hivyo nyonga na kiuno vitakwambia kesho yake. Tandika mkeka uelekee baharini ili miguu yote iwe usawa mmoja, au kama umeutandika kando ya maji basi geuka katikati ya darasa ufanye upande wa pili. Kulala mwisho, kichwa kiwe upande wa juu. Hapo chimba kishimo kidogo cha makalio na kingine cha kisogo, utalala hutaki kuamka.

Lazima ninunue mkeka wa yoga?

Hapana. Kwenye mchanga mgumu kanga mbili au kikoi kinatosha, na mimi binafsi napenda zaidi. Mkeka wa ukili ni mzuri kwa kukaa, kupumua na kulala, kwa mapozi ya kusimama unateleza. Kama una mkeka wa yoga tayari, njoo nao, ila ujue chumvi na jua vinaumaliza haraka hasa ule wa mpira, ukirudi nyumbani usuuze kwa maji ya bomba na uanike kivulini. Usiukung'ute ukiwa mbichi, mchanga unaingia zaidi, subiri ukauke. Pembe nne zikandamize na ndala au kifuko cha mchanga.

Mapozi gani yanafaa na yapi niache?

Mimi naanza na watu wamesimama tu, miguu peku, dakika mbili tatu, wasikie mchanga unavyojipanga chini ya nyayo. Halafu kuinama na kuinuka taratibu kwa pumzi, kisha mapozi ya shujaa (mguu mmoja mbele goti limekunjwa, mwingine nyuma umenyooka) lakini hatua iwe fupi kuliko ndani ya nyumba kwasababu mguu wa nyuma unachimba na kuteleza. Baadae chini: paka na ng'ombe (mikono na magoti chini, mgongo unaupandisha na kuushusha), pozi la mtoto (umepiga magoti, makalio juu ya visigino, paji la uso chini), kujipinda ukiwa umekaa, na kulala. Inatosha kabisa kwa dakika 40.

Pozi la mti, lile la kusimama kwa mguu mmoja, watu wanaanguka sana ufukweni na wanadhani ni udhaifu. Mara nyingi ni macho. Ukiangalia mawimbi yanatembea, na mwili unatembea nayo. Tafuta kitu kisichotembea, mnazi, nguzo, mstari ule ambapo bahari inakutana na mbingu, utaona tofauti hapo hapo.

Kusimama kwa kichwa mimi siruhusu kwenye mchanga kwa mtu ambaye hakuwahi kuliweza vizuri ndani. Watu wanasema mchanga laini ukianguka hauumii, sawa, ila kabla ya kuanguka kichwa kinazama upande mmoja na shingo ndio inabeba. Picha haina thamani ya shingo yako.

Mimi ni Muislamu (au Mkristo), si nitakuwa naabudu miungu mingine?

Swali la haki na nalijibu kwa heshima. Yoga imetoka India na imekua ndani ya mila za kidini za huko, nani atakataa. Yanayofanyika madarasa mengi ya leo ni sehemu moja tu ya yoga, mazoezi ya mwili na ya pumzi. Wanazuoni wenyewe hawana kauli moja: Malaysia baraza la fatwa la taifa mwaka 2008 lilikataza yoga yenye nyimbo na ibada ndani yake, Saudi Arabia mwezi Novemba 2017 ikaitambua yoga kama mchezo. Kwahiyo mimi simwambii mtu "hamna shida" wala "kuna shida", namwambia muulize sheikh wako au mchungaji wako unayemuamini, na umueleze hasa kinachofanyika darasani.

Kwangu hatuimbi Om (neno takatifu la Kihindu), hatukunji viganja kusalimia jua, mapozi nayaita kwa kiswahili, na mwisho tukilala kila mtu anatulia na Mola wake anavyojua. Kama mwalimu wako anaweka nyimbo na wewe hutaki, mwambie kabla, au usiimbe. Mwalimu mzuri hawezi kukulazimisha.

Nivae nini? Na wanaume wanaotoa macho?

Vaa kitu kinachokuruhusu kuinama bila kushika shika nguo. Suruali nyepesi au leggings na tisheti ndefu inayofika mapajani, mtandio wa michezo uliobana au kilemba kidogo, inatosha. Dera halifai, unaukanyaga upindo. Zanzibar na Lamu kumbuka ufukwe wa kijiji ndio njia ya watu kwenda kazini, wazee wanapita, watoto wanaenda chuoni (madrasa), kwahiyo funika mabega na magoti, jifunge kanga ukiwa unakuja na kuondoka. Hii nawaambia wageni na wenyeji sawa sawa.

Kutazamwa kupo na kunakera, hasa ukiwa mwanamke peke yako. Kinachosaidia ni kundi, hata mkiwa watatu, na saa ile ya mapema ambapo walioko ufukweni ni wavuvi na wanaokimbia, wana shughuli zao. Wanaojaa maneno wanakuja baadae. Mtu akisogea kupiga picha mwambie waziwazi afute, dada zangu msione aibu.

Ramadhani tunaendelea?

Tunaendelea lakini tunabadilisha. Asubuhi hapana, huwezi kutoa jasho saa 1 halafu ukae bila maji mpaka magharibi. Saa moja ya mwisho kabla ya futari, taratibu, kujinyoosha na kupumua tu, nyumbani au kivulini. Wengine wanapenda baada ya tarawehe.

Sehemu gani unashauri?

Dar, Coco Beach mapema asubuhi, kabla ya mihogo na mishikaki haijaanza, kuna vikundi vingi vya mazoezi na unajisikia salama. Jumapili jioni usijaribu, hamna hata pa kuweka mguu. Kigamboni patulivu zaidi ila nenda na watu.

Unguja mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa yanaenda mbali sana na unabaki na uwanja usio na mwisho. Lakini lile ni shamba la watu. Kina mama wa mwani wanalima pale tangu mwisho wa miaka ya 1980, vigingi na kamba ndio mtaji wao, usikanyage, usitandike katikati ya njia yao, na usiwafanye mandhari ya picha yako bila kuwaomba. Paje pia kuna wanaorusha kaiti, yaani tiara kubwa za kuwavuta wakiteleza majini, zile kamba zikikazwa na upepo zinakata, kaa mbali na wanaporushia.

Mombasa, Nyali na Shanzu asubuhi. Bichi ya umma ya Jomo Kenyatta siku za kazi mapema ni sawa, wikendi ni sherehe. Diani mchanga wake ni laini mweupe mzuri kweli, shida ni tumbili, ukiacha ndizi kwenye mkoba umewaachia wao. Lamu, Shela ni pazuri mno, mchanga unaenda kilomita na kilomita, ila usiende mbali peke yako kwenye zile sehemu za upweke.

Hotelini wakikufukuza? Tanzania Bara sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na kutandika kanga saa moja sio jengo. Lakini usianze na ugomvi, ongea na mlinzi, msalimie, mara nyingi anakuelewa. Kufundisha kwa pesa ni jambo lingine, hapo ulizia vibali vya halmashauri na umuone sheha (kiongozi wa shehia kule Zanzibar) au mwenyekiti wa mtaa.

Kuna wadudu au vitu vya kuogopa?

Usilale moja kwa moja kwenye mchanga mkavu wa juu wanakolala mbwa na paka. Kinyesi chao kina minyoo inayoingia kwenye ngozi na kuchora mistari inayowasha vibaya mno, na sehemu nyingine kuna funza. Mchanga unaooshwa na maji kila siku una afadhali kubwa. Usitandike chini ya mnazi wenye nazi, kivuli chake kitamu lakini nazi haikupigii hodi. Chini ya mivinje fagia zile tunda zake kavu kwanza.

Ukiingia majini baada ya darasa vaa viatu, wale wanyama wa baharini wenye miba mirefu myeusi wako kwenye miamba. Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, toa miba inayoonekana kwa kibano, wazee wetu wanapaka utomvu wa papai bichi. Yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, akikugusa suuza kwa maji ya bahari, usisugue na mchanga, na ukiona pumzi inabana au kifua kinauma nenda hospitali haraka.

Nina presha / mjamzito / mgongo mbovu, naruhusiwa?

Wengi mnaruhusiwa ila mwambie mwalimu kabla, sio katikati. Presha ya juu: usibane pumzi, usikae na kichwa chini muda mrefu, na jua likiwa kali ondoka. Presha ya macho pia epuka kichwa chini. Mjamzito muulize nesi wako kliniki kwanza, halafu acha kujipinda kwa nguvu, kulalia tumbo, na mimba ikikua usilale chali muda mrefu, lala ubavu wa kushoto. Mgongo, kunja magoti kila unapoinama, hakuna zawadi ya kugusa vidole.

Nile nini kabla?

Tende mbili au ndizi na maji, basi. Chakula kizito kiwe masaa matatu nyuma. Beba maji kwenye chupa yako ya kudumu, Kenya plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ufukweni tangu Juni 5, 2020, na hata pasipo na sheria tusiache takataka zetu pale. Baada ya hapo dafu.

Sina kundi wala hela ya hoteli, naanzia wapi?

Dar kuna kituo cha utamaduni cha India, Swami Vivekananda, wanafundisha yoga na ni pazuri kujifunza misingi. Kenya, Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanzishwa 2007, imekuwa ikifundisha vijana wa kawaida kuwa walimu. Halafu kuna Juni 21, siku ya yoga duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa 2014, balozi za India huwa zinaandaa mazoezi ya pamoja, nenda ujaribu, uongee na watu, uchukue namba za waliokaa jirani na wewe.

Au anza bila mwalimu wowote kwa wiki za mwanzo: amka, angalia maji, chukua kanga na mtu mmoja unayemuamini, mfanye yale ya kusimama, paka na ng'ombe, pozi la mtoto na kulala. Kama kitu kinauma kwa kuchoma, acha. Mkishazoea ndio mtafute mtu awarekebishe, na mkija kwangu niambieni mlishaanza wenyewe ili nisiwarudishe mwanzo.